Jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota akistaafu, nani anakalia kiti chake? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila jaji anapotangaza kwamba anaondoka, Waafrika Mashariki walioko Minnesota huulizana maswali yale yale: nani anamteua mrithi, kura ni lini, na mbona tuliambiwa majaji wa huku huchaguliwa na wananchi? Majibu tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya mbali. Palipo na jibu tayari, tumekuelekeza kwa namba ya swali.

## Ya msingi

1. Hii ndiyo mahakama ile ya Washington tunayoisikia kwenye habari?

Siyo. Ile ya Washington ni ya shirikisho: majaji 9, wanateuliwa na rais, wanaidhinishwa na Seneti, na hawana umri wa kustaafu. Kila jimbo nalo lina mahakama zake, na juu yake kabisa kuna Mahakama ya Juu ya jimbo. Ya Minnesota iko St. Paul na ina majaji 7, yaani Jaji Mkuu na wenzake 6.

Usiidharau kwa kuwa ni ya jimbo. Kesi nyingi zinazomgusa mtu wa kawaida, kama talaka, mikataba, ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba au mashtaka ya jinai, huendeshwa kwa sheria za jimbo, na katika tafsiri ya sheria hizo neno la mwisho ni la majaji hawa 7. Aliyehukumiwa kwa mauaji ya daraja la kwanza hukata rufaa moja kwa moja kwao, bila kupitia Mahakama ya Rufaa.

2. Jaji hukaa kwa muda gani?

Muhula ni miaka 6. Ukiisha, anarudi kwa wapiga kura kuomba mwingine, na anaweza kufanya hivyo mara nyingi awezavyo mpaka umri umzuie.

3. Umri wa kustaafu ni upi?

Miaka 70. Sheria ya jimbo inamtaka aondoke ifikapo siku ya mwisho ya mwezi anaotimiza umri huo. Alan Page, aliyekuwa mchezaji nyota wa mpira wa Kimarekani wa Minnesota Vikings kabla ya kuwa jaji, alizaliwa tarehe 7 Agosti 1945. Mwisho wa Agosti 2015 kazi ikaisha, ingawa wengi waliona angali na nguvu.

Wapo wanaodai kumstaafisha mtu kwa umri ni ubaguzi. Hoja hiyo ilifikishwa hadi Washington na majaji wa Missouri, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema majimbo yana haki ya kuweka kikomo hicho kwa majaji wao. Tangu hapo kila jimbo limejiamulia. Pennsylvania iliwauliza wananchi mwaka 2016, wakakubali kupandisha umri kutoka 70 hadi 75. Wisconsin, jirani wa Minnesota, haina kikomo chochote.

4. Kwa hiyo wengi husubiri mpaka 70?

Hapana. Wengi huondoka mapema, na huondoka muhula ukiwa haujaisha. Jaji Mkuu Lorie Gildea aliondoka Oktoba 2023 akiwa bado na miaka kadhaa mbele yake. G. Barry Anderson aliondoka Mei 2024, miezi michache kabla ya kufikisha 70, na Margaret Chutich akamfuata mwishoni mwa Julai mwaka huo huo. Hilo la kuondoka kabla ya muhula kuisha lina uzito kuliko linavyoonekana. Tazama swali la 8.

## Kiti kikiwa wazi

5. Nani anateua mrithi?

Gavana, peke yake. Ibara ya 6 ya katiba ya jimbo inampa wajibu wa kumteua mtu mwenye sifa kila nafasi ya jaji inapobaki wazi. Jina haliendi Seneti ya jimbo kuidhinishwa wala Bunge halipigi kura. Gavana akishatangaza, kinachosubiriwa ni tarehe ya kuapishwa tu.

Wala si lazima asubiri kiti kiwe kitupu. Jaji akishatoa taarifa ya kuondoka, mchakato huanza. Mwaka 2023 Gavana Tim Walz alitangaza majina Agosti, wakati anayeondoka alikuwa bado ana miezi kazini.

6. Hakuna tume ya kumchuja?

Kwa mahakama za wilaya, ipo. Kuna Tume ya Uteuzi wa Majaji inayopokea maombi, kuwahoji waombaji na kumpelekea gavana orodha fupi. Kwa Mahakama ya Juu sheria haimlazimishi gavana kupitia tume. Magavana wamekuwa wakiomba ushauri wa tume hata hivyo, na ni desturi nzuri, lakini ni desturi tu. Gavana ajaye anaweza kuiacha asubuhi moja na asiwe amevunja sheria yoyote.

7. Nani anastahili kuteuliwa?

Wakili. Katiba inataka mtu aliyesomea sheria, na kimsingi ni hilo tu. Si lazima awe amewahi kuwa jaji. Wawili walioteuliwa mwaka 2024 walitoka mahakama za chini: Theodora Gaïtas kutoka Mahakama ya Rufaa na Sarah Hennesy kutoka mahakama ya wilaya. Lakini Karl Procaccini, aliyeteuliwa mwaka 2023, hakuwa jaji hata siku moja. Alikuwa amefanya kazi ya mshauri mkuu wa sheria wa Gavana Walz mwenyewe. Wakosoaji walilisema hilo, na walikuwa na haki ya kulisema. Kisheria hakukuwa na kizuizi.

Waliozaliwa nje ya Marekani pia hawazuiwi. Sharti la kuzaliwa Marekani ni la urais, si la ujaji.

8. Katiba inasema majaji huchaguliwa na wananchi. Mbona basi anateua gavana?

Hili ndilo swali linalozua ubishi, na katiba haijipingi. Inasema mambo mawili kwa pamoja. Muhula wa jaji ukiisha kwa kawaida, wananchi huchagua. Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, gavana hujaza pengo mpaka uchaguzi unaoelezwa katika swali la 11.

Sasa jiweke katika nafasi ya jaji anayefikiria kupumzika. Akikaa mpaka siku ya mwisho ya muhula wake na asigombee tena, kiti kinakwenda kwa wapiga kura moja kwa moja, na wakili yeyote anaweza kukigombea. Akiondoka hata miezi michache kabla, uamuzi unahamia mezani kwa gavana. Yaani tarehe anayoiandika kwenye barua ya kustaafu ndiyo inayoamua nani atamchagua mrithi, na tarehe hiyo anaichagua yeye mwenyewe, isipokuwa pale miaka 70 inapomkuta katikati ya muhula.

Matokeo yake ni haya: kufikia mwisho wa 2024, majaji wote 7 walikuwa wameingia kwanza kwa kuteuliwa, watatu na Gavana Mark Dayton na wanne na Walz, wote wawili wa chama cha Democratic. Anderson, aliyeondoka Mei mwaka huo, alikuwa wa mwisho kubaki kati ya walioteuliwa na gavana wa Republican. Si kwamba mtu aliiba kitu. Jimbo limekuwa na magavana wa Democratic tangu 2011, na viti vikaachwa wazi katika miaka hiyo.

Uteuzi una mazuri yake, na tusiyafiche. Rosalie Wahl, mwanamke wa kwanza katika mahakama hiyo, aliingia mwaka 1977 kwa kuteuliwa na Gavana Rudy Perpich. Mwaka uliofuata alipingwa kwenye kura na akashinda. Anne McKeig, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Wenyeji wa Marekani kukaa katika Mahakama ya Juu ya jimbo lolote, naye aliteuliwa, mwaka 2016. Ubaya ni kwamba mwananchi anaambiwa anachagua, kumbe mara nyingi anachofanya ni kuthibitisha. Ingekuwa heri jimbo likaliandika hilo waziwazi kwenye maelekezo yake kwa wapiga kura.

9. Anayeondoka akiwa Jaji Mkuu, inakuwaje?

Kiti cha Jaji Mkuu ni kiti chake chenyewe, na gavana anaweza kumteua mtu kutoka nje au kumpandisha mmoja wa waliomo. Akimpandisha aliyemo, linafunguka pengo la pili. Ndivyo ilivyokuwa 2023: Natalie Hudson alipandishwa kuchukua nafasi ya Gildea, na Procaccini akapewa kiti alichokiacha Hudson. Kustaafu kwa mtu mmoja kukampa gavana teuzi mbili.

Kuna jambo jingine wasilolijua wengi. Hudson alikuwa ameshachaguliwa mwaka 2022 kwa muhula wa miaka 6. Kwa kuwa ujaji mkuu ni nafasi nyingine, alilazimika kurudi kwenye kura mwaka 2024. Alishinda.

10. Kabla kiti hakijajazwa, kesi zinasimama?

Hazisimami. Waliobaki huendelea, na katiba inaruhusu majaji wa Mahakama ya Rufaa au wa wilaya kuitwa kukaa kwa muda mahakama ikihitaji. Majaji 6 wakigawanyika 3 kwa 3, hukumu ya mahakama ya chini hubaki kama ilivyo.

## Kwenye sanduku la kura

11. Aliyeteuliwa anakwenda kwa wapiga kura lini?

Kwenye uchaguzi mkuu wa kwanza unaofanyika zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuteuliwa. Maneno "zaidi ya mwaka mmoja" ndiyo yanayowachanganya watu, kwa hiyo tuyaangalie kwa mifano.

Hudson na Procaccini waliingia mwanzoni mwa Oktoba 2023. Uchaguzi mkuu ulikuwa Novemba 2024, mwaka na mwezi baadaye, hivyo wakawa kwenye kura ya 2024. Gaïtas na Hennesy waliteuliwa Aprili 2024. Novemba ya mwaka huo ilikuwa karibu mno, kwa hiyo kura yao ni ya Novemba 2026. Kiti kikijazwa Desemba ya mwaka usio na uchaguzi, mteuliwa hupata karibu miaka mitatu kabla ya kukutana na mwananchi.

Akishinda, anapata muhula kamili wa miaka 6, si mabaki ya muhula wa aliyemtangulia.

12. Wagombea ni wa vyama?

Karatasi ya kura haionyeshi chama chochote. Kinachoonekana ni jina, na kwa aliye kitini huandikwa kwamba ndiye jaji wa sasa. Maneno hayo yana nguvu kuliko bango lolote la barabarani, kwa sababu mpiga kura asiyemjua mgombea yeyote humchagua aliyeandikwa kuwa yuko kazini. Mpinzani hagombei ujaji kwa jumla. Huchagua kiti chenye namba fulani na kumkabili mwenye kiti hicho. Wakijitokeza zaidi ya wawili kwa kiti kimoja, hufanyika mchujo.

Zamani mgombea ujaji Minnesota alikatazwa kutangaza msimamo wake juu ya masuala yanayobishaniwa kisheria au kisiasa. Mgombea mmoja, Gregory Wersal, akishirikiana na chama cha Republican cha jimbo, alilipinga katazo hilo, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaliondoa kwa kura 5 dhidi ya 4. Tangu hapo mgombea anaweza kusema anavyofikiri, ingawa wengi wa Minnesota bado huchagua kunyamaza.

13. Imewahi kutokea mteuliwa akashindwa?

Kwa Minnesota ni nadra sana aliye kitini kuangushwa. Ukitaka mfano wa karibu, vuka mpaka uende Wisconsin. Huko Gavana Scott Walker alimteua Daniel Kelly mwaka 2016 baada ya David Prosser kustaafu. Wisconsin hairuhusu viti viwili vya mahakama hiyo kupigiwa kura mwaka mmoja, na kwa kuwa miaka iliyofuata ilikuwa imeshashikwa na viti vingine, Kelly hakufika kwenye kura mpaka Aprili 2020. Akashindwa na Jill Karofsky.

14. Nina kadi ya kijani. Naweza kupiga kura ya majaji, kwa kuwa ni ya jimbo tu?

Hapana, na usijaribu. Kura za jimbo la Minnesota ni za raia wa Marekani. Asiye raia akijiandikisha au akipiga kura anaweza kushtakiwa, kukosa uraia baadaye, hata kurudishwa alikotoka. Ukienda kuchukua leseni ya udereva ukakuta sehemu ya kujiandikisha kuwa mpiga kura, iache. Kama kuna barua umepokea inayodai umeandikishwa, mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kujibu chochote.

Ukishaapa na kupata uraia, mlango umefunguka. Unatakiwa uwe umetimiza miaka 18 na umeishi jimboni siku 20 kabla ya uchaguzi. Unaweza kujiandikisha siku ile ile kituoni ukiwa na uthibitisho wa unakoishi. Majina ya majaji huwekwa mwishoni mwa karatasi, kwa hiyo igeuze usije ukaondoka bila kuyaona.

## Mambo yasiyo ya kila siku

15. Gavana anaweza kumwongezea jaji muda ili asiende kwenye kura?

Katiba inaliruhusu Bunge kuweka utaratibu wa kumwongezea muda jaji ambaye muhula wake unaisha akiwa amekaribia kupata haki ya kustaafu, ndani ya miaka mitatu. Lengo lilikuwa la huruma, mtu asipoteze mafao kwa kukosa miezi michache.

Mwaka 1992 utaratibu huo uligeuka kesi. Alan Page alitaka kugombea kiti cha Lawrence Yetka, ambaye muhula wake ulikuwa unaisha. Gavana Arne Carlson akamwongezea Yetka muda, na uchaguzi wa kiti hicho ukawa umefutika. Page akaenda mahakamani. Majaji wa Mahakama ya Juu hawakuweza kuamua juu ya kiti cha mwenzao, kwa hiyo nafasi zao zilichukuliwa na wengine kwa kesi hiyo tu. Page akashinda kesi, jina lake likaingia kwenye kura, na Novemba akashinda uchaguzi. Hivyo ndivyo Mmarekani mweusi wa kwanza alivyoingia katika mahakama hiyo: kwa kura, bila kuteuliwa na yeyote, na baada ya kumshtaki gavana. Mwaka 2015, umri ulipomtoa, gavana ndiye aliyemchagua mrithi wake. Mrithi huyo ni Natalie Hudson.

16. Na kama jaji hakustaafu bali amefariki, ameondolewa au amepata kazi nyingine?

Njia ni ile ile ya swali la 5. David Stras alipohamia mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2018, na Wilhelmina Wright alipokwenda mahakama ya wilaya ya shirikisho mwaka 2016, viti vyao vilijazwa na gavana sawasawa na vya wastaafu.

17. Gavana aliyebakiza miezi anaweza kuteua?

Anaweza, mpaka siku yake ya mwisho ofisini. Paul Thissen, aliyechukua kiti cha Stras, aliteuliwa na Dayton katika mwaka wake wa mwisho, 2018.

18. Hukumu alizoandika jaji aliyestaafu zinabaki?

Zinabaki. Ni hukumu za mahakama, si zake binafsi. Mahakama yenye sura mpya inaweza kubadili msimamo siku moja, lakini mpaka kesi nyingine iletwe.

19. Wisconsin wao mbona hufanya makelele makubwa kuliko Minnesota?

Kwa sababu huko jaji akisubiri muhula uishe, kiti kinabaki bila mwenyewe na kila upande unakitaka. Ann Walsh Bradley alimaliza muhula wake wa miaka 10 bila kuwania mwingine. Gavana Tony Evers hakupata cha kuteua. Aprili 2025 Susan Crawford na Brad Schimel walipambana, Elon Musk akamwaga mamilioni upande wa Schimel, na gharama za pande zote zikafika karibu dola milioni 100. Crawford alishinda. Wanaotamani Minnesota iachie wananchi kila kiti waitazame bei hiyo kwanza.

20. Inafananaje na Kenya au Tanzania?

Kenya nayo ina majaji 7 katika Mahakama ya Juu na umri wa 70, na anayetaka anaweza kustaafu akifika 65. Tofauti ni mlango wa kuingilia: Tume ya Utumishi wa Mahakama huwahoji waombaji hadharani, hupendekeza jina, na rais huteua. Jaji Mkuu na naibu wake hupitia pia Bunge la Kitaifa. Mwananchi hapigi kura. Ubishi wa umri nao Kenya imeuonja: mwaka 2016 Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walidai haki ya kubaki hadi 74, kama ilivyokuwa chini ya katiba ya zamani, wakashindwa mahakamani.

Tanzania mahakama ya mwisho ni Mahakama ya Rufani, na majaji wake hustaafu wakiwa na miaka 65. Huko rais anaweza kumwongezea jaji muda, kama alivyoongezewa Jaji Mkuu Ibrahim Juma mwaka 2023. Hilo lilizua mjadala wake, unaokaribiana na ule wa swali la 15.

21. Jaji mstaafu anaweza kurudi kazini?

Si kwenye kiti chake akishapita 70. Ila katiba ya Minnesota inaruhusu mstaafu kupangiwa kesi, na wapo wanaoitwa mahakama za chini zikizidiwa. Wengine hufundisha vyuo vya sheria au hufanya usuluhishi wa kibiashara. Page alirudi kwenye jambo lililomshughulisha miaka yote, elimu: mwaka 2020, pamoja na Neel Kashkari, mkuu wa tawi la Minneapolis la benki kuu ya Marekani, alipendekeza katiba ya jimbo ibadilishwe ili elimu bora iwe haki ya kila mtoto. Ili lipite, pendekezo kama hilo linahitaji kwanza Bunge la jimbo kuliweka kwenye karatasi ya kura.